Maneno ya Seyyid, Kinywa cha Sadallah

Shemeji yangu Sadallah alikuwa hasemi nyumbani. Ukimuuliza kama mchuzi umekolea chumvi, anatikisa kichwa. Ukimwambia paa linavuja, anatazama juu, kisha anatazama chini, anaendelea kula. Dada yangu Biubwa, mkewe, alimzoea. Mimi nilihamia kwao baada ya mume wangu kufa kwa ndui, na nakwambieni kweli, sikumzoea hata siku moja. Nilikuwa nikimtania, "Shemeji, hayo maneno unayauza wapi, mbona unarudi huna hata moja?" Naye anacheka kwa pua, basi.

Maneno alikuwa akiyapeleka mjini. Sadallah alikuwa mpiga mbiu wa Liwali, na Liwali ndiye aliyekuwa mkono wa Seyyid hapa Bagamoyo. Seyyid mwenyewe alikaa Unguja. Sisi hatukumwona, tulimsikia tu, na tulimsikia kwa Sadallah. Amri ikija, Liwali humwita barazani kwake. Sadallah kwanza husukutua kinywa kwa maji ya kata, kama mtu anayetia udhu, ili neno la Seyyid lisichanganyike na chakula chake. Kisha husimama wima, Liwali humwambia ile amri, naye huirudia mpaka Liwali aseme, "Ndiyo hiyo." Hapo huchukua pembe yake ya nyati akaenda Forodhani, sokoni, mbele ya msikiti wa Ijumaa, na mwisho kwenye kambi ya wapagazi. Kila mahali hupuliza, kisha huanza vilevile: "Mbiu ya mgambo! Ikilia ina jambo! Sikieni mliokaa na mliosimama! Anasema Seyyid, na mimi ni mdomo tu!"

Mdomo tu. Maneno hayo aliyaamini kuliko watu wanavyoamini hirizi. Mama yake aliletwa pwani kutoka bara na mnyororo shingoni, kwa hiyo Sadallah alikuwa mzalia, na mzalia hana ukoo wa kumsimamia akiingia matatani. Kinga yake ilikuwa ile kazi. Alitangaza kodi, akatangaza adhabu za watu aliokula nao, na zamani alitangaza hata kwamba Seyyid amepiga marufuku misafara ya watumwa. Jioni ile ile misafara ikapita nyuma ya mashamba ya minazi kama kawaida. Hakuna aliyemlaumu. Mjumbe hauawi. Liwali wa zamani alimpenda hata akampa nyumba tuliyokaa, mbele ya mashahidi, kwa mdomo, bila karatasi yoyote. Siku zile neno la Liwali lilitosha.

Mimi nilidhani dola huanza kufa kwa mizinga. Kumbe huanzia jikoni. Kila Sadallah alipotoka kutangaza alipewa chakula kwa Liwali, sahani ya pilau imefunikwa kawa, akatuletea. Mwaka ule Wazungu walipokaa huko kwao wakagawana bara kama nyama ya hitima, wakamwachia Seyyid ukanda mwembamba wa pwani, pilau likawa wali mweupe. Baadaye ukawa muhogo. Baadaye akawa anarudi bila kitu, nami nikaacha kumtania juu ya mikono mitupu.

Natvarlal, Mhindi mwenye duka pembeni mwetu, ndiye aliyenieleza mambo yalivyo. Alikuwa na jamaa zake Forodhani, na nilikuwa nimekwenda kununua chumvi.

"Dada Tatu," akaniambia huku akipima, "Seyyid alikuwa anauza ushuru kabla haujakusanywa. Tajiri anampa fedha leo, halafu tajiri mwenyewe anakusanya kidogo kidogo Forodhani. Sasa pembe za ndovu zinapita njia za Wazungu. Tajiri atakusanya nini? Na manowari zao zimesimama mbele ya jumba la mfalme, na askari wanataka mshahara. Kwa hiyo mfalme anauza ushuru wa mwakani. Ukishakula mbegu, utapanda nini?"

"Na Liwali anakulipa mchele wako?" nikamuuliza.

Akacheka bila furaha. Alikuwa ameacha kumkopesha Liwali tangu Ramadhani.

Askari wa Seyyid, wale Wabulushi wenye ndevu, waliokuwa wakipita mjini kifua mbele, wakaanza kuiba kuku. Wawili kati yao walikuja kwetu kuomba kazi ya kutwanga mtama, nikawapa kinu, na nikawacheka, kisha nikaona haya kwa kuwacheka. Walikuwa wazee. Mmoja alikuwa ameuza jambia lake akafunga kamba kiunoni.

Na amri ndizo zikazidi. Dola ilipokuwa na nguvu ilisema mara chache. Hii iliyoishiwa ilikuwa na neno kila kukicha. Asubuhi Sadallah anatangaza ushuru wa mbata za nazi umepanda. Adhuhuri anatangaza umeshuka, kwa sababu wenye minazi wamekataa kuleta. Kesho yake umepanda tena, lakini nusu. Wauza samaki wakimwona anakuja na pembe wanamwambia, "Pumzika hapo kwanza, Sadallah, usijisumbue kwenda na kurudi kutengua." Watu wanaangua kicheko, naye anangoja wamalize, ndipo anapuliza.

Alikuwa akirudi anajinyoosha kwenye mkeka, Biubwa anamkanda nyayo kwa mafuta ya nazi. Nyayo zake zilikuwa zimepasuka kama udongo wa kiangazi. Siku moja nikamwambia, "Shemeji, si uache tu?"

"Tatu," akasema, "siku pembe hii ikinitoka mkononi, mtu ataniuliza mimi ni wa nani."

Nikaenda kufua.

Kisha Biubwa akaugua. Tumbo lilimvimba, mwili ukakonda, na waganga wote watatu wa mtaani walipokwisha kula kuku wetu wakasema ni amri ya Mungu. Dada yangu hakuogopa kufa. Alikuwa mwosha maiti. Wanawake wa nusu ya mji ule aliwaosha yeye, mabibi na watumwa, na kila penye msiba yeye ndiye wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Aliyajua mauti kama mimi ninavyojua kusuka ukili. Jambo moja tu alilitaka, na alilisema wazi.

"Nimewaosha mama zao wote," akaniambia. "Nami nataka mji unitoe. Nataka jeneza langu lisiguse mabega yale yale mara mbili, kwa wingi wa watu. Sina mtoto, Tatu. Hiyo ndiyo harusi yangu iliyobaki."

Nikamwambia watakuja mpaka wakanyagane. Nilisema hivyo kwa sababu niliamini.

Mwaka ule Seyyid akafariki, akakaa ndugu yake, na haikupita muda tukasikia kwamba Seyyid mpya ameipangisha pwani yetu kwa Wadachi, wale Wazungu wa Ujerumani, kwa Kampuni yao. Kuipangisha! Kama mtu anavyopangisha nyumba na wazee wake wamo ndani. Watu walibishana vibarazani. Wako waliosema ni uongo, Seyyid hawezi. Wengine wakasema hana fedha, ana manowari mlangoni, na mtu wa namna hiyo anaweza lolote. Mfunguo tatu, kabla ya Idi ya kuchinja, Wadachi wakashuka.

Yaliyotokea barazani kwa Liwali nilielezwa na Sadallah mwenyewe, baadaye, kwa vipande. Aliingia akamkuta Liwali Abdullatif amekaa chini kwenye mkeka. Kwenye kiti cha Liwali alikaa Mdachi, na kando yake alisimama mkalimani mmoja kutoka Unguja, kijana wa kanzu safi. Sadallah akasukutua kinywa, akasimama, akangoja. Mkalimani ndiye aliyeanza kusema: kila mwenye nyumba au shamba alete waraka wake kwa Kampuni, na mali isiyo na waraka itakuwa ya Kampuni.

"Mimi hupokea kwa Bwana Liwali," Sadallah akasema.

Liwali akaitazama mikono yake. Kisha akayarudia yale maneno, neno kwa neno, kama mtoto wa chuo cha Kurani aliyechapwa.

"Nianze kwa jina la nani, Bwana?"

"Anza kwa Seyyid, kama siku zote," mkalimani akadakia. "Ukisema Kampuni, nani atakusikiliza?"

Sadallah akamtazama Liwali tu. Liwali akachelewa, halafu akasema, "Ndiyo hiyo."

Mlangoni mkalimani akamfuata. Akamwambia kwa upole kwamba nyumba yake haina waraka, hilo linajulikana. Akitangaza vizuri atapewa waraka wenye muhuri. Asipotangaza, amtafutie mkewe mgonjwa mahali pengine pa kulala.

Alipita nyumbani kuchukua pembe. Aliponiambia atatangaza nini nilimshika mkono, jambo ambalo sikuwahi kulifanya.

"Shemeji, sema 'Inasema Kampuni.' Watu watakuelewa. Kila mtu anajua unakula kwa nani. Usimtaje Seyyid."

"Liwali amesema nianze kwa Seyyid."

"Na wewe unajua si kweli!"

"Mimi sijui kitu, Tatu. Mimi ni mdomo tu." Akachungulia ndani, Biubwa amelala ameelekea ukutani, akaongeza, "Nikimtoa hapa atafia njiani." Akatoka.

Basi akatangaza. Forodhani watu walisikiliza kimya. Sokoni wakaanza kunung'unika. Alipofika mbele ya msikiti wa Ijumaa alikuwa na kundi nyuma yake, na mimi nilikuwa mmoja wao, nimejifunika ukaya. Akapuliza, akasema, "Anasema Seyyid, na mimi ni mdomo tu," akamaliza amri yote bila kukosea.

Diwani Mwinyi Kondo akainuka kibarazani. Huyu alikuwa mkubwa wa Washomvi, wenye mji kabla ya Seyyid yeyote, mzee mrefu asiyepandisha sauti.

"Sadallah, umemsikia Seyyid kwa masikio yako?"

"Mimi ni mdomo, Mwinyi."

"Nimekuuliza masikio."

"Nimeambiwa na Bwana Liwali."

"Na Liwali ameambiwa na nani?"

Sadallah akaishika pembe kwa mikono miwili. Nilitamani aseme lolote, hata uongo.

"Ungesema Kampuni tungekuhurumia," Mwinyi Kondo akasema. "Sote tunakula kwa mtu. Lakini umechukua jina la mfalme wetu ukawavisha Wadachi, ili sisi tuwape nyumba zetu kwa adabu. Mjumbe hauawi, wala hatutakuua. Ila kuanzia leo mji hauko nawe. Hatuli kwako, hatuozi kwako, hatuziki kwako. Wewe na wa nyumba yako."

Wa nyumba yako. Nilitaka kupiga kelele kwamba wa nyumba yake ni Biubwa, mnamjua, lakini mwanamke hapigi kelele mbele ya msikiti, nami siku ile bado nilikuwa na haya.

Sadallah hakujitetea. Nafikiri hakuelewa. Maisha yake yote alishika kwamba mtu akisukutua vizuri na akapokea vizuri, neno si lake. Hakuwahi kufikiri kwamba wako watu waliomwamini yeye, na si Seyyid.

Waraka ulikuja, una muhuri mkubwa. Sadallah akauchomeka kwenye makuti ya dari, hakuusoma, kwa maana hakujua kusoma. Idi ikapita, hapana aliyetuletea nyama. Majirani walikuwa wakitupa mgongo wakituona kisimani. Biubwa akawa ananiuliza kwa nini mabibi fulani hawaji kumtazama, nami nikawa nadanganya, mara wana wageni, mara wana homa. Sijui kama aliniamini. Alifariki asubuhi moja tulivu, Sadallah amemshika kidole gumba cha mguu.

Nilimwosha peke yangu. Kuosha maiti kunataka mtu wa kumwaga maji na mtu wa kupitisha mkono, na mimi nilifanya yote mawili, kata nikiibana kwapani, huku nikilia na kukasirika. Natvarlal alileta bafta ya sanda akaiweka kibarazani, akakataa fedha, akasimama mbali kwa heshima kwani dini yake nyingine.

Sadallah akachukua pembe akaenda kutangaza msiba. Nilimsikia kutoka uani. "Amefariki Biubwa binti Shomari. Jeneza linatoka baada ya adhuhuri." Sauti ilikuwa ile ile, haikutetemeka, nami nilimchukia kwa hilo na nikamhurumia kwa hilo hilo. Alizunguka kote alikozoea. Alirudi akakaa kibarazani, akangoja.

Adhuhuri ikapita. Wakaja wale Wabulushi wawili waliotwanga mtama kwetu. Wakatoa salamu, wakakaa. Jeneza linataka watu wanne, nao pamoja na Sadallah walikuwa watatu. Jua likasogea. Ndani nilikuwa nimechoma udi mwingi, na udi ulikuwa umeanza kushindwa. Sadallah akaniambia, "Tungoje kidogo," na mimi nikajua hana mtu wa kumngoja.

Ndipo akaja mtu anatembea peke yake katikati ya njia, kanzu tupu, hana joho, hana jambia, kilemba kimefungwa ovyo. Sikumtambua mpaka Sadallah alipoinuka. Alikuwa Liwali Abdullatif. Wadachi walikuwa wamekwisha kumtoa kwenye nyumba yake, wakampa chumba cha uani.

"Nashika miguu, Bwana," Sadallah akasema, na kweli akainama kuishika.

Liwali akamzuia. "Leo hapana. Upande upi wangu?"

Wakaliinua. Wanawake hatuendi makaburini, kwa hiyo nilisimama mlangoni nikawatazama wakishuka mtaa wetu. Mpiga mbiu, askari wawili wasio na mshahara, na liwali asiye na nyumba. Serikali yote ya Seyyid iliyobaki hapa mjini ilikuwa chini ya jeneza la dada yangu. Liwali hakuwahi kubeba kitu; jeneza lilikuwa likiinama upande wake, naye akajikwaa, akajiweka sawa, akaendelea. Wanaume vibarazani waliinuka, kwani maiti huinukiwa. Waliinuka, wakatazama miguu yao, na hapana aliyekuja kupokea bega.

Niliwatukana. Sioni haya kulisema. Nilitoka mpaka katikati ya njia, kichwa wazi, nikamwita Mwinyi Kondo, naye alikuwa mmoja wao, kwa jina lake, nikamuuliza nani alimwosha mama yake. Mzee alikuwa analia, lakini hakusogea, na machozi yake hayakunifaa kitu.

Ilikuwa bado Muharramu vita vilipoingia. Wenye mji waliinuka, watu wa bara wakaja na bunduki zao, manowari ikapiga mizinga, na mtaa wetu ukaungua kuanzia msikitini hadi kisimani. Waraka wenye muhuri uliungua na dari yake. Tulitoka na tulichovaa. Liwali sikumwona tena, na Wabulushi pia sikuwaona.

Tulikimbilia kusini mpaka Mlingotini. Ufuo ulijaa watu wa Bagamoyo, wenye mashamba na watumwa wao mchanga mmoja, kila mtu anaita mtu wake na hapana anayesikia. Akina mama walikuwa wakikimbia huku na huku wakitaja watoto. Sadallah aliketi ameegemea ngalawa ya mtu, amefumba macho. Pembe ilibaki motoni.

Mwinyi Kondo akatujia. Alikuwa hana kilemba, na kanzu imetatuka mpaka gotini. Akasimama mbele ya Sadallah.

"Sadallah, watu wamepoteana. Wewe ndiye mwenye sauti. Waite, uwataje waliopotea."

Nilitaka akatae. Wallahi nilitaka amtemee mate. Sadallah akafumbua macho, akamtazama, akainuka taratibu kama mtu mwenye maumivu ya kiuno, akapanda juu ya ile ngalawa. Watu walio karibu wakanyamaza, wakawanyamazisha na wa mbali.

"Amefariki Biubwa binti Shomari," akasema, kwa sauti yote aliyokuwa nayo. "Mwosha maiti wa Bagamoyo. Mke wangu."

Alikwisha kuzikwa zaidi ya siku kumi, na kila mtu pale alijua. Kisha bibi mmoja aliyekaa kwenye matenga akaitikia, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," na mwingine nyuma yake, na wengine, mpaka likazunguka ufuo mzima. Sadallah hakushuka wala hakuendelea. Alikuwa anamtazama Mwinyi Kondo, akangoja. Yule mzee akajaribu, akaacha katikati, akajaribu tena, akaitikia.

Hapo Sadallah akajifuta uso kwa kiganja.

"Haya," akasema, amechoka kabisa. "Nipeni majina ya watoto."